Umeombwa Kuwa Mlezi wa Timu? Soma Hii Kabla Hujauza Ng'ombe

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: yule wa Mbulu au Hanang ambaye msimu huu mambo yamemnyookea. Labda vitunguu swaumu vya Bashay vimepata bei. Labda ngano ya Basotu imekubali. Labda umeuza madume mnadani Katesh, na habari zikafika mjini kabla yako. Basi ujue unatafutwa. Jina lako limeshajadiliwa kwenye kikao ambacho hukualikwa, likapendekezwa, likaungwa mkono na kupitishwa kwa kauli moja. Kilichobaki ni kukujulisha.

Watakavyokuja

Watakuja watatu, jioni, saa ambayo mtu hawezi kusingizia shamba. Wa kwanza ni mzee anayeheshimika, na kazi yake ni kukufanya uone aibu kusema hapana. Wa pili ni mwalimu. Huyo ndiye msemaji. Wa tatu ni kijana aliyeshika bahasha ya kaki, na hatafungua mdomo mpaka mwisho. Shikamoo zitakuwa nyingi kuliko kawaida. Utaulizwa habari za mvua, za mifugo, za mguu wako ulioteguka mwaka juzi. Chai itanyweka. Kisha mwalimu atakohoa kidogo na kusema: "Mzee wetu, vijana wamekuona."

Kuonwa na vijana kuna bei. Mlezi hutoa jezi na mipira. Mdhamini huongeza usafiri. Mfadhili hutoa kila kitu, na kwa hisani hiyo hupewa kiti cha plastiki chenye mikono. Mwenyekiti wa heshima huendelea kutoa hata akiwa amesafiri, maana namba yake ya simu wanayo. Kama wewe ni mama mwenye duka la pembejeo, utaitwa "Mama wa Timu". Hicho ndicho cheo cha gharama kubwa kuliko vyote, kwa kuwa mama hamalizi muda wake wa uongozi.

Sasa fungua bahasha. Ndani kuna karatasi moja iliyochapwa stationery ya stendi, na muhuri wa timu umepigwa upande, wino ukaishia nusu. Mstari wa kwanza: ada ya ushiriki. Wa pili: fedha za waamuzi. Wa tatu: Coaster, kwenda na kurudi. Wa nne: chakula cha wachezaji 22 na viongozi 14. Usiulize viongozi 14 wanakwenda kufanya nini. Mmoja wao ndiye mzee aliyekaa mbele yako. Kisha maji, barafu, bandeji. Halafu inakuja mistari miwili ya mwisho, na hapo ndipo uvae miwani: "Kamati ya Ufundi" na "Mengineyo".

Kamati ya Ufundi haihusiani na ufundi wa mpira. Inalipwa mapema, inalipwa usiku, haitoi risiti, na wakati mwingine inaagiza kuku wa rangi maalumu ambaye mnadani hupatikana kwa bei maalumu. Timu ikishinda, ni kazi ya Kamati. Ikifungwa, wenzetu walitoa zaidi. Katika idara zote za klabu, hii pekee haijawahi kukosea hesabu, kwa sababu haijawahi kuziandika. "Mengineyo" ni Kamati ya Ufundi kwa mara ya pili.

Ujue ngazi unayopandishwa

Mwalimu atakuambia, "Mzee, lengo letu ni Ligi Kuu." Usicheke. Mshukuru, kisha hesabu ngazi: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Kila ngazi unayopanda, safari hurefuka, na mwenye kulipia mafuta hubaki yuleyule.

Ligi ya wilaya ina raha zake. Dongobesh wanacheza na Haydom, Endasak wanacheza na Katesh, na mkipungukiwa nauli vijana watapanda fuso la mahindi. Hata hapo kuna mtihani. Mwaka 2022 Mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge akidai barabara ya lami jimboni kwake. Nchi nzima ilicheka. Mweka hazina yeyote aliyewahi kupeleka timu Haydom wakati wa masika alielewa. Ukifika ngazi ya mkoa, utagundua kwamba Manyara ina Kiteto na Simanjiro, na kwamba Mbulu hadi Kibaya ni safari ya kuvuka mkoa mzima. Na siku Mungu akikujalia Ligi Kuu, utapewa ratiba yenye Kigoma, Ruangwa na Mbeya. Vijana watashangilia ratiba hiyo. Wewe utaikalia kimya na kikokotoo.

Hapa niseme jambo moja kwa heshima. Wilaya hizi mbili zimelea wakimbiaji ambao dunia inawajua. Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji, wa mwisho kati ya wote waliomaliza, na uwanja ukampigia makofi. Mkimbiaji ana tumbo moja na jozi moja ya viatu. Timu ina matumbo 36 kwa mujibu wa karatasi ile. Na kwenye ligi, ukimaliza wa mwisho hupigiwi makofi. Unashushwa.

Fedha zinakoingilia, na zinakotokea

Utaambiwa timu itajiendesha kwa viingilio. Nenda Jumapili ukaangalie. Uwanja umezungushiwa kamba upande mmoja. Pande tatu zilizobaki zimezungushiwa matumaini. Kwenye kamba amesimama kijana na kitabu cha tiketi. Anamkatia wa kwanza, wa pili anampisha kwa sababu ni shemeji yake, wa tatu ni kiongozi wa timu pinzani, wa nne ni kiongozi wa chama cha wilaya, wa tano ni askari aliyevaa kiraia. Wa sita anatoa noti kubwa, chenji hamna, anaambiwa apite watamalizana baadaye. Kipindi cha pili kamba inashushwa ili wananchi wafurahie mchezo. Jioni hesabu inasomwa, na makusanyo yanatosha kumlipa kijana wa tiketi.

"Mzee, hiyo ni huku chini," mwalimu atakujibu. "Juu kuna Azam." Ni kweli, kuna Azam. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za televisheni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na Benki ya NBC ikaingia kama mdhamini mkuu wa ligi msimu huohuo. Tarakimu hiyo imewaharibu watu wengi. Wanaisoma kwa mkupuo, wakasahau miaka 10 na klabu 16. Wanasahau pia msimu wa 2018/19, ambapo ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu, nao ndio mwaka timu zilikuwa 20 na kila moja ilikuwa na mechi 38, nusu yake za kusafiria. Mdhamini ni mgeni. Akija mkaribishe vizuri, lakini usimjengee nyumba.

Na mashabiki? Hao ndio somo gumu kuliko yote. Uwanja wa Tanzanite Kwaraa pale Babati hufurika watu wa Katesh, Mbulu, Dareda na Magugu siku mbili kwa msimu: siku ya Simba na siku ya Yanga. Noah zinapakia tangu alfajiri. Ukihesabu jezi jukwaani utadhani mwenyeji hajafika. Mechi 13 nyingine za nyumbani huchezwa mbele ya familia za wachezaji na wanafunzi walioingia bure. Hivyo basi unaombwa uifadhili timu ya nyumbani na watu ambao mioyo yao iko Kariakoo. Nao watakuomba kwa machozi ya kweli, usiwalaumu.

Jina la mji libandike kwa gundi nyepesi

Ukishangazwa na jinsi Babati ilivyopata timu ya Ligi Kuu, kaa nikusimulie, maana ni ukoo unaohitaji kikao. Kulikuwa na DTB, timu ya benki. Ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2022 ikawa Singida Big Stars, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 neno Singida likadondoka, ikabaki Fountain Gate, ikahamia Babati. Singida nao hawakulala njaa. Ihefu ya Mbarali, ileile iliyokatisha mbio za Yanga za mechi 49 za ligi bila kufungwa pale Ubaruku Novemba 2022, ikageuzwa kuwa Singida Black Stars.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Timu ni mali, na mali huhamishika. Ila mtu wa Ubaruku aliyeiona Yanga ikilala nyumbani kwake leo ana simulizi, timu hana. Kwa hiyo siku timu yako ya Katesh au Mbulu itakapopata "mwekezaji mkubwa kutoka nje", agiza jezi ambazo jina la mji linabanduka bila kuacha alama. Utaokoa gharama ya uchapaji.

Vita ya kutoshuka: kanuni za matumizi

Kwenye Ligi Kuu timu mbili za mkiani hushuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 hukutana kwenye mchujo. Atakayeshinda anabaki, atakayeshindwa anapewa nafasi nyingine ya kuugua, dhidi ya timu iliyotoka kwenye mchujo wa Championship. Ni mfumo uliotungwa na mtu asiye na shinikizo la damu.

Fountain Gate iliupitia wote. Mwishoni mwa msimu wa 2024/25, Kagera Sugar na KenGold zilishuka moja kwa moja, na timu ya Babati ikaangukia mchujo. Ikatolewa na Tanzania Prisons, ikakutana na Stand United ya Shinyanga, ikashinda na kubaki. Manyara nzima ikapumua, wakiwemo waliokuwa hawajawahi kununua tiketi yake.

Ukijikuta kwenye vita hiyo, zingatia haya.

Kocha afukuzwe mapema, ikiwezekana kabla hajajua majina ya wachezaji. Uongozi haufukuzwi, uongozi ndio unaofukuza.

Mechi ya tano kutoka mwisho, tangaza kwamba "kila mechi kwetu ni fainali". Usiseme mlichokuwa mkicheza mechi 25 za kwanza.

Wachezaji wanaodai mishahara ya miezi mitatu waahidiwe bonasi. Mtu anayedai cha jana hutulia kidogo akiahidiwa cha kesho. Asipotulia akaenda FIFA, klabu hufungiwa kusajili mpaka ilipe, na dirisha la usajili utalitazama kwa nje. Usijione mnyonge, klabu kubwa za Kariakoo nazo zimeshaionja.

Na tafadhali, usishinde mabao manane. Mwaka 2016, kwenye Ligi Daraja la Kwanza (ndiyo Championship ya sasa), siku ya mwisho ya kundi moja, Geita Gold ilishinda 8-0 na Polisi Tabora ikashinda 7-0, kila mmoja akitafuta nafasi ya kupanda kwa tofauti ya mabao. Uchunguzi wa TFF ukaishia kwa kuzishusha timu zote nne, washindi na waliofungwa: Geita Gold, Polisi Tabora, JKT Kanembwa na majirani zetu JKT Oljoro wa Arusha. Aliyepanda ni Mbao ya Mwanza, ambayo kosa lake pekee lilikuwa kushinda kwa mabao ya kawaida. Kama ni lazima uokolewe na muujiza, basi muujiza wenyewe uwe na kiasi.

Hatari kubwa zaidi: fedha zikija kweli

Walio wengi hujiandaa kwa ukata. Hakuna anayejiandaa kwa neema. Stand United ilianzishwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi Shinyanga, ikapanda hadi Ligi Kuu mwaka 2014 kwa michango na kelele, nao wakaijua kila senti yake kwa sababu kila senti ilitoka mfukoni mwao. Kisha kampuni ya madini ya Acacia ikaleta udhamini mnono. Hapo ndipo zikazaliwa pande mbili: upande wa wanachama na upande wa kampuni, kila upande una viongozi wake na unaujua mkataba kuliko mwenzake. Mdhamini alichoka na mgogoro, mwaka 2016 akajiondoa. Mwaka 2019 timu ikashuka. Umaskini uliwaunganisha, cheki ndiyo iliyowagawa.

Na Singida United, jirani wa Hanang kwa barabara ya lami? Mwaka 2018 ilifika fainali ya Kombe la TFF, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar jijini Arusha. Ilikuwa na kocha Mzungu, wachezaji wa kigeni na wadhamini kifuani. Mwaka 2020 ikashuka, pamoja na Lipuli, Alliance, Ndanda na ileile Mbao. Hadi msimu wa 2024/25 unakwisha, kati ya hizo tano hapakuwa na hata moja iliyokuwa imerudi Ligi Kuu.

Sasa linganisha na Mtibwa yenyewe. Mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka mwaka 2024. Kiwanda cha sukari hakikufunga malango. Mishahara iliendelea, kambi ikaendelea, na mwaka mmoja baadaye wakarudi. Pamba ya Mwanza ilikaa nje miaka 23, ikarudi mwaka 2024 ikiwa Pamba Jiji, baada ya halmashauri kuibeba. Tazama pia wanaoijaza ligi: Prisons ni ya Magereza, Mashujaa na JKT ni za jeshi, KMC na Dodoma Jiji ni za halmashauri, Azam ni ya Bakhresa. Hata hao hushuka. Waulize Ruvu Shooting na Polisi Tanzania, walioanguka pamoja mwaka 2023. Lakini akishuka mwenye mlipaji anayejulikana, anabaki na mahali pa kuanzia. Akishuka anayeishi kwa mfuko wa mtu mmoja, yule mtu hubadilisha namba ya simu.

Hata Yanga haikuepuka. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti mwaka 2017, klabu yenye wanachama nchi nzima ilijikuta inatembeza bakuli, na kocha wake Mwinyi Zahera akawa mmoja wa wahamasishaji wa michango. Yanga ilivuka kwa sababu bakuli lake lilikuwa na mikono mingi. Lako, mzee, lina mkono mmoja, nao ni wako.

Kabla hujatoa

Sijasema ukatae. Mji usio na timu Jumapili huwa mrefu, na vijana wa Katesh na Mbulu wanastahili mahali pa kukimbilia penye nyavu. Kombe la mbunge, mbuzi wa mshindi, kelele za Endasak wakifunga dakika ya mwisho: hayo ni maisha, na yana gharama ya halali. Nasema tu usitoe kwa aibu ya shikamoo.

Waulize wale watatu maswali haya, kwa upole, huku chai inamiminwa. Akaunti ya timu iko benki gani, na wanasaini wangapi? Timu imesajiliwa kwa jina la nani: la wanachama, au la mtu aliyekuwa na nauli ya kwenda kuisajili? Nani anadai, na anadai kiasi gani? Fedha za mlezi aliyepita zilifanya nini, na mbona leo hakuja nao? Mkishuka daraja, mwaka unaofuata nani analipa?

Mfugaji wa Hanang huhesabu ng'ombe kila jioni wanapoingia boma, hata kama asubuhi walitoka kamili, na hakuna mchungaji anayeona ametukanwa. Klabu nayo ihesabiwe hivyo: kila mechi, mbele ya wanachama, kwa daftari linaloachwa mezani. Wakikubali, toa. Toa jezi, mipira na nauli inayolipwa moja kwa moja kwa mwenye gari, na uwatafute wenzako kumi watoe kidogokidogo, ili siku wewe ukiugua timu isiugue. Wakikasirika kwa kuulizwa, usibishane nao. Waongezee chai, wasindikize hadi barabarani, na ng'ombe wako abaki zizini.